Kutoka Kitini hadi Msituni

Kochi la Mole lina miguu minene iliyokerezwa, fremu ya mbao iliyoshikana kwa ulimi na tundu, na mikanda ya ngozi inayopita juu ya fremu hiyo kushikilia mito mikubwa ya ngozi iliyolazwa kwenye kitako, mgongoni na juu ya mikono. Nililiona Botafogo, Rio de Janeiro, katika taasisi inayotunza michoro na kazi za Sergio Rodrigues, na mwenyeji wangu alipoona nalizunguka bila kusema kitu aliniambia niketi. Mwili uliteremka taratibu hadi mikanda ikakaza. Mabega yakalegea, mkono mmoja ukaning'inia nje ya fremu bila mimi kuutuma. Kikao cha adabu hakiwezekani kwenye kochi hilo. Linakulaza nusu, na ndivyo alivyotaka aliyelibuni.

Mwaka 1957 mpiga picha Otto Stupakoff alimwomba Rodrigues amtengenezee sofa ya kujitupa, iwe ya studio yake. Rodrigues alikuwa msanifu majengo wa miaka thelathini, na miaka miwili kabla alikuwa amefungua duka huko Ipanema akaliita Oca, kama inavyoitwa nyumba ya wenyeji asilia wa Brazil. Sofa ile ikazaa kochi la mtu mmoja. Lilipowekwa kwenye dirisha la duka halikupata wanunuzi kwa muda mrefu, na waliolicheka walikuwa wengi, maana siku hizo samani ya kisasa ilipaswa kuwa nyembamba na kusimama kwa miguu ya chuma. Hili lilikuwa nene, zito, limelegea. Kisha mwaka 1961 likashinda tuzo ya kwanza katika shindano la kimataifa la samani la Cantù, Italia, na kiwanda cha Kiitalia kikaanza kulitengeneza kwa jina la Sheriff. Leo limo katika mkusanyo wa Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York.

Nikiwa nimeketi pale nilielewa kwa nini liliwashinda walioshindana nalo. Watu wa nchi hii hupumzika kwenye kitanda cha wavu kinachofungwa kati ya nguzo mbili. Ndani ya mashua za mto Amazon abiria hulala safu kwa safu katika vitanda hivyo. Rodrigues alichukua mlalo ule akaujengea miguu. Makochi ya Ulaya yaliyokuwa yakiigwa Rio yalitaka mgongo ulionyooka na suti iliyofungwa vifungo. Hili linaupokea mwili uliotoka juani.

Mbao ndiyo iliyokuwa imenileta. Nimezaliwa Mtwara, na Kireno nilikiokota ng'ambo ya Ruvuma, Pemba ya Msumbiji, nikiishi karibu na wachongaji wa Kimakonde. Mpingo naujua kwa mkono: uzito wake, ubaridi wake, jinsi unavyokataa patasi isiyonolewa. Sasa jakaranda ya Bahia, ambayo wataalamu wa mimea huiita Dalbergia nigra, ni ndugu wa mpingo, Dalbergia melanoxylon. Ni miti ya jenasi moja, mmoja upande huu wa bahari na mwingine ule. Ile miti ya maua ya zambarau inayopamba barabara za Nairobi, ambayo nasi tunaiita mijakaranda, ni ya ukoo mwingine kabisa, ingawa nayo asili yake ni Amerika Kusini. Mbao ya fremu niliyokuwa nimeishika ilikuwa ya kahawia iliyoiva, yenye michirizi myeusi inayopinda na kurudi. Nilitaka kuifuata nyuma, kutoka kitini hadi ulikoota mti.

Mti huo ni wa Mata Atlântica, msitu uliotanda pwani ya Brazil Wareno walipofika mwaka 1500. Kilichobaki ni kama asilimia 12 tu. Ulianza kukatwa kwa ajili ya pau-brasil, mti wa rangi nyekundu ulioipa nchi jina lake, ukaendelea kukatwa kwa ajili ya miwa, kahawa, ng'ombe na miji. Jakaranda ikawa inatoka msituni karne baada ya karne: makabati ya sakristia, vitanda vya matajiri, piano, magitaa, na hatimaye viti hivi vya katikati ya karne ya 20 ambavyo dunia nzima inavigombania. Mwaka 1992 iliingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ngazi ileile alimo sokwe. Mole bado linatengenezwa, ila kwa mbao nyingine. Nililiona la zamani na jipya, na sitasema uongo: jicho linajua tofauti. Hata hivyo mwili ukishaketi haujui, na hilo lilinifundisha kwamba ubunifu wa Rodrigues haukutegemea jakaranda kama wauzaji wa minada wanavyopenda tuamini.

Kwangu mimi fundi mkuu kuliko wabunifu wote wa viti hivi ni Joaquim Tenreiro. Alizaliwa mwaka 1906 katika kijiji cha Melo, Ureno, katika ukoo wa maseremala, akahamia Rio mwaka 1928. Kwa miaka mingi aliajiriwa kuchora samani za kuiga enzi za wafalme wa Ulaya, mizigo ya michongo na dhahabu ambayo katika joto la Rio ilichosha hata kuitazama. Mwaka 1942 alipata nafasi ya kuitengenezea samani nyumba ya mwandishi Francisco Inácio Peixoto iliyosanifiwa na Oscar Niemeyer, mjini Cataguases, na hapo akatoa kochi aliloliita Leve, yaani jepesi. Tangu hapo alipunguza. Alipunguza mbao za miguu, akapunguza mgongo, akatupa matandiko mazito na kurudisha kitako cha henzirani kinachopitisha hewa.

Kiti chake kimoja nilikishika katika duka la samani za kale Rio. Nilikiinua kwa vidole viwili. Maungio yake nilipapasa kwa ukucha nikitafuta mwanya, sikuupata. Mguu wa nyuma unapanda ukinenepa polepole hadi unapokutana na kitako, yaani pale tu mzigo unapouelemea, kisha unapungua tena. Mtu aliyekiunda alijua ni wapi hasa mbao inaumia. Tenreiro alifika mahali ambapo ukiondoa unyoya mmoja zaidi kiti kitavunjika, akasimama hapohapo. Mwaka 1947 alibuni kiti cha miguu mitatu ambacho kitako na mgongo wake ni vipande vya mbao za rangi tofauti vilivyogandishwa pamoja, jakaranda ikiwa mojawapo, mistari ya weusi na unjano na zambarau ikishuka kwa pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliacha samani akageukia uchongaji na uchoraji hadi alipofariki mwaka 1992, mwaka uleule jakaranda ilipofungiwa mipaka.

Mama mwenye duka alinifungulia jalada. Kila kiti cha jakaranda kina faili lake: picha, risiti za zamani zikiwepo, maelezo ya mtaalamu kuthibitisha kwamba mbao ilikatwa kabla ya katazo. Bila hayo mnunuzi wa ng'ambo hapati kibali. "Kiti kisicho na karatasi hakivuki mpaka," aliniambia, akanieleza kuwa kuna watu wanaonunua magofu ya vitanda na meza za bibi zao ili kupata vipande vya kukarabatia miguu iliyovunjika.

Kabla ya kuondoka Rio nilitembea hadi gati la Valongo, lililofukuliwa mwaka 2011 na kuingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2017. Ni mawe tu, chini ya usawa wa barabara. Hapa walishushwa mamia ya maelfu ya Waafrika, wengi kutoka Kongo na Angola, na katika karne ya 19 pia kutoka Msumbiji, pwani ileile ninayoijua. Wengine walifundishwa useremala au walikuja wakiujua. Useremala wa kikoloni wa Brazil, ambao wabunifu wa kisasa waliurithi na kuusifu, ulifanywa kwa sehemu kubwa na mikono ya watumwa, na utumwa ulikomeshwa mwaka 1888 tu. Majina ya mafundi wale hayamo kwenye vitabu vyenye picha nzuri za samani. Nilisimama pale muda mrefu.

Brasília niliipita haraka. Katika jumba la Itamaraty, Wizara ya Mambo ya Nje, mwongozaji alitupitisha kwenye kumbi zenye kazi za Rodrigues, Tenreiro na Bernardo Figueiredo, zikiwa zimepangwa juu ya mazulia kwa nafasi kubwa. Mji huu ulizinduliwa tarehe 21 Aprili 1960, ukihitaji meza na viti kwa maelfu, na bila oda zile za serikali sidhani kama wabunifu hawa wangepata karakana za kutosha kujaribia mawazo yao. Lakini kamba zimefungwa mbele ya kila kiti, na kiti ambacho siruhusiwi kukikalia nakiona nusu.

São Paulo ndiko nilikotulia. Nyumba ya Jorge Zalszupin siku hizi hupokea wageni. Huyu alizaliwa Warsaw mwaka 1922, akaponea vita akiwa Romania, akafika Brazil mwaka 1949, na miaka kumi baadaye akaanzisha kampuni ya L'Atelier. Meza na makabati yake yamefunikwa kwa jakaranda iliyopasuliwa nyembamba, na ukisogea karibu unaona kwamba si kipande kimoja, ni viraka vidogo vilivyopangwa ubavu kwa ubavu. Alitumia mabaki. Viwanda vilitaka karatasi ndefu za mbao zisizo na dosari na kutupa vipande vifupi. Yeye alivipanga hadi uso wa meza ukawa na mwendo ambao ubao mzima usingekuwa nao. Nilipenda hilo kuliko makochi yake, ambayo ni mazuri lakini yanakumbusha sana Denmark, hata jina la lile maarufu la mwaka 1959 ni Dinamarquesa.

Kisha nikaenda SESC Pompéia, na hapa naomba msomaji anivumilie.

Lina Bo Bardi alizaliwa Roma mwaka 1914, akaja Brazil mwaka 1946 na mumewe Pietro Maria Bardi. Ndiye aliyesanifu jumba la sanaa la MASP kwenye barabara ya Paulista. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alipewa kiwanda cha zamani akigeuze kituo cha burudani cha wafanyakazi, ndicho hiki cha Pompéia, naye akakataa kukibomoa. Alifungua kuta, akapitisha kijito cha maji sakafuni, akaweka meza na viti vya mbao nene za msonobari, vya mraba, visivyo na mapambo yoyote. Siku niliyofika wazee walikuwa wakicheza sataranji, wanafunzi wamelala juu ya madaftari yao, mama mmoja ananyonyesha huku mguu ameutundika kwenye kiti cha jirani. Pembe za meza zimeduara kwa kuguswa. Hakuna anayelipa kuketi.

Viti vya ukumbi wa maigizo wa pale ni vya mbao tupu, havina mto hata mmoja. Walimlalamikia, akajibu kwamba watu wa kale walitazama maigizo wakiwa juu ya mawe, na kwamba tamthilia haikutakiwa kumbembeleza mtazamaji. Nilikaa kwa onyesho zima. Matako yaliuma, ndiyo, na nilikuwa macho kila dakika. Rodrigues anakulaza, Lina anakuamsha, na wote wawili wanajua wanachofanya. Kama ningelazimishwa kuchagua ningechagua Pompéia, kwa sababu kiti cha mbunifu mkubwa kinapatikana pale kwa mfanyakazi yeyote aliyeshuka kwenye basi. Makochi ya jakaranda niliyoyaona Rio yanaelekea New York na London. Nyumbani yalikotoka, kwenye vibanda vya chakula kote Brazil, Rio hadi Bahia, nimekalia kiti kilekile cheupe cha plastiki tunachokijua sisi sote kuanzia Mtwara hadi Kisumu.

Kutoka Belo Horizonte nilipanda basi kwenda Brumadinho, mji ambao mwaka 2019 ulizikwa sehemu na tope la bwawa la mgodi wa chuma lililopasuka na kuua watu 270. Nje kidogo ya mji iko bustani ya Inhotim, jumba la sanaa lisilo na paa lililofunguliwa kwa umma mwaka 2006. Humo kuna makumi ya mabenchi ya Hugo França, na nilitembea siku nzima kutoka benchi hadi benchi nikizipita sanamu za wasanii wa dunia bila kuzitazama ipasavyo.

Kila benchi ni gogo. Mengine yana urefu wa kulaza familia, yamechimbwa kikao hapa na mgongo pale, na kwingineko yameachwa na mashimo na mikunjo ya mti ulivyoota. Mti wenyewe ni pequi-vinagreiro wa kusini mwa Bahia, mti wenye mafuta mengi kiasi kwamba moto wa kusafishia mashamba unaupita na kuuacha umesimama, umeungua nje, mzima ndani. França, aliyezaliwa Porto Alegre mwaka 1954, alihamia Trancoso miaka ya 1980, akaona magogo hayo yametapakaa malishoni, na akajifunza kwa Wapataxó, wenyeji asilia wa pwani ile, jinsi wanavyoyachonga mitumbwi. Hakati mti hai. Anakwenda kwenye maiti ya msitu na kuuliza gogo linataka kuwa nini. Nilipitisha kiganja ndani ya shimo la benchi moja, nikahisi mkaa chini ya nta.

Nilipofika Salvador, Bahia, nilikuwa nimeshaelewa kwamba safari yangu inarudi nyuma kwenye mstari wa mbao: duka, kiwanda, karakana, shamba lililochomwa. Lakini Salvador ilinisimamisha kwa ajili ya ngazi moja.

Solar do Unhão ni boma la zamani ufukweni, lenye nyumba ya bwana, kanisa na maghala ya sukari. Lina Bo Bardi alilikarabati kati ya 1962 na 1963 liwe makumbusho ya sanaa ya wananchi, akaondoa ngazi iliyokuwepo na kujenga mpya. Ngazi hiyo inapanda kwa kuzunguka ndani ya umbo la mraba, mbao nene, giza, bila msumari wala skrubu. Ulimi wa kila kipandio unapenya boriti na kutokeza upande wa pili, ambako umefungwa kwa kabari ya mbao. Ni ungio la mikokoteni ya ng'ombe ya Kaskazini-Mashariki ya Brazil. Mkokoteni hautumii msumari kwa sababu njia mbovu huukwanyua. Kabari ikilegea, mwenye mkokoteni anaigonga tena na safari inaendelea. Lina aliliona ungio hilo barabarani, akalileta ndani ya jumba la sanaa.

Niliipanda na kuishuka mara nyingi hadi mlinzi akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu. Nilimwambia mimi nimelelewa na watu wa mbao. Akainama akanionesha kabari moja iliyobadilishwa, rangi yake bado mbichi kidogo, akasema kila anayepita pale kwa mara ya kwanza huigusa. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi bora kabisa ya mbao ya Brazil ya karne iliyopita, na si samani hata kidogo. Ina kila kitu ambacho wabunifu wa viti walikuwa wakikitafuta: elimu ya fundi asiye na jina, iliyochukuliwa kwa heshima bila kupambwa, ikibeba uzito wa watu kwa zaidi ya miaka sitini.

Katika maonyesho ya kwanza hapo Unhão, mwaka 1963, Lina alipanga vitu vya watu maskini: vyungu, vitambaa, vibatari vya makopo. Mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1964 yalimkuta katikati ya kazi, akaondoka Bahia. Aliporudi miaka ya 1980, pamoja na wasanifu vijana Marcelo Ferraz na Marcelo Suzuki, alibuni kiti cha Girafa kwa ajili ya mgahawa wa Casa do Benin, mtaa wa Pelourinho: miguu mitatu, ule wa nyuma ukipanda moja kwa moja kuwa mgongo. Nilikula pilipili na samaki jirani ya nyumba hiyo nikiwaza kwamba fundi yeyote wa Keko, Dar es Salaam, akikitazama kiti hicho kwa dakika tano angeweza kukiunda jioni hiyohiyo. Nakitaja hivyo kwa sifa.

Kusini mwa Bahia mabasi hupita barabara ya BR-101, iliyoufungua msitu huu kwa malori ya magogo miaka ya 1970. Leo nje ya dirisha ni mikaratusi iliyopandwa kwa mistari kwa ajili ya viwanda vya karatasi, kilomita baada ya kilomita, na katikati yake mabaki ya msitu kwenye mabonde. Karibu na Porto Seguro, katika Hifadhi ya Taifa ya Pau Brasil, mwongozaji alinipeleka kwenye jakaranda changa. Shina lake halikufika unene wa paja langu. Majani madogo madogo yamepangwa pande mbili za kikonyo, na mtu wa Lindi au Mtwara angeyatambua papo hapo. Niliuliza lini unaweza kuzaa mbao ile nyeusi. Alicheka kwa upole. Moyo mweusi, alisema, mti huuanza ukiwa mtu mzima, na sisi wote wawili tutakuwa hatupo.

José Zanine Caldas alitoka pande hizi. Alizaliwa Belmonte, Bahia, mwaka 1919, hakusomea usanifu, alijulikana kwanza kwa kutengeneza mifano midogo ya majengo ya wasanifu akina Niemeyer na Lucio Costa, kisha akaanzisha kiwanda cha samani za plaiwudi, za bei nafuu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliacha yote akaja Nova Viçosa, wakati misumeno ikiingia msituni. Alichukua magogo yaliyotupwa na kuchomwa, akawakusanya wachonga mitumbwi wa pwani na tezo zao, akatengeneza makochi na meza nzito kupita kiasi. Alizielezea kuwa samani za kushitaki. Rafiki yake Frans Krajcberg, mchongaji aliyezaliwa Poland na kupoteza familia yake katika mauaji ya Wayahudi, aliishi hapo hapo Nova Viçosa hadi alipofariki mwaka 2017, katika nyumba iliyojengwa juu ya gogo la pequi, akisimamisha sanamu za miti iliyoungua.

Makochi ya Zanine ya kipindi hicho hayavutii macho yote. Baadhi ni makubwa mno, alama za tezo zimeachwa zikikwaruza mkono, na hakuna nyumba ya kawaida itakayoyameza. Mimi nayaamini. Kochi la Mole la mwaka 1957 halisemi lolote juu ya mti wake. La Zanine haliwezi kukukalisha bila kukuambia. Wabunifu wa sasa ninaowaheshimu wamepita mlango huo alioufungua, França kwa magogo yake, na Carlos Motta wa São Paulo anayetumia boriti za nyumba zilizobomolewa, mbao za peroba zilizokwisha kutumikia watu karne nzima na ambazo tundu za misumari yake ya zamani bado zinaonekana.

Njia ya kutoka Nova Viçosa ilinipeleka kwenye karakana ya mzee mmoja anayechonga mabenchi chini ya bati. Ujana wake alichonga mitumbwi. Kabla ya kuvuta gogo lolote kutoka malishoni anahitaji kibali kinachosema ni mti uliokwisha kufa, na makaratasi hayo ameyatundika ukutani karibu na misumeno. Kireno changu cha Msumbiji kilimfurahisha, akataka kujua mbao za kwetu. Nikamweleza habari za mpingo, unaochukua miaka sabini hadi mia kufikia ukubwa wa kuvunwa, na kwamba sehemu kubwa ya mbao yake huenda Ulaya na Marekani kuwa zumari za klarineti na oboi. Nikamwambia pia habari za Kilwa, ambako vijiji vya Kikole na Kisangi mwaka 2009 viliingizwa katika cheti cha FSC cha utunzaji wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaomilikiwa na jamii, na kijiji chenyewe ndicho kinachosimamia uvunaji na kupata mapato ya mti uliokatwa.

Hilo alinifanya nilirudie. Kijiji kinamiliki? Kinamiliki, mzee wangu. Na wakikataa kuuza? Wanaweza kukataa. Akakaa kimya kidogo akipekua maranda kwa kidole cha mguu, kisha akauliza jambo la kifundi: mpingo unakubali tezo? Nikamwambia Wamakonde huanza kwa tezo, halafu patasi, tupa na msasa, wakiwa wameketi chini na kulibana gogo kwa nyayo. Kwa nyayo vipi, aliuliza. Akaingia ndani akarudi na kipande cha pequi na tezo fupi, akafagia mahali sakafuni, akanionesha nikae.